Beti 102 kwa Mfalme

Reykjavík, 3 Novemba

Zamu ya usiku imekuwa nyepesi. Wageni wa ndege za alfajiri hawakuanza kushuka na masanduku yao mpaka saa kumi, na kabla ya hapo nilikuwa peke yangu mapokezi na kitabu. Nimemaliza sehemu ya kwanza ya Edda ya Snorri Sturluson. Anayekifungua akitafuta sala, amri au namna ya kutoa kafara ataambulia patupu. Hiki ni kitabu cha kiada. Snorri alikiandika kama mwaka 1220 kwa ajili ya vijana waliotaka kuwa washairi, wakati Aisilandi ilikuwa na zaidi ya miaka mia mbili ndani ya Ukristo. Baada ya dibaji kuna sehemu tatu: habari za miungu, kisha mafunzo ya lugha ya ushairi, kisha shairi lake mwenyewe la beti 102. Shairi hilo linaonyesha bahari za ushairi moja baada ya nyingine, na papo hapo linamsifu Mfalme Hákon wa Norwei na Jarl Skúli, mkubwa wa pili baada ya mfalme.

Sababu ya kuwaleta miungu darasani ni ya kazi. Washairi wa kale hawakusema dhahabu. Walisema nywele za Sif, machozi ya Freyja, unga wa Fróði. Asiyejua kwamba Loki, mlaghai wa miungu, alimnyoa Sif, mke wa Thor, akalazimishwa kwenda kwa vibete ili wamfulie Sif nywele mpya za dhahabu, atabaki ameduwaa. Na mashairi hayo ndiyo yaliyobeba habari za wafalme na vita vyao. Snorri aliyatumia alipoandika historia ya wafalme wa Norwei, kwa hoja kwamba mshairi aliyesimama mbele ya mfalme asingethubutu kumsifia vita ambavyo kila aliyekuwepo anajua havikutokea. Ingekuwa kumkejeli. Basi miungu wakisahauliwa, mafumbo hayafumbuki, na mafumbo yasipofumbuka historia nayo imepotea.

Dibaji yake inajikinga mapema: hao hawakuwa miungu, walikuwa watu wa Troya, wazuri wa sura na wajuzi, waliohama Asia kuja kaskazini, na wenyeji wakawadhania kuwa miungu. Baadaye anawaonya wanafunzi wasiwaamini, na pia wasiyatupe majina yao.

Kwa hiyo nashikilia hivi, mpaka nisome kitu cha kunibadilisha: miungu hawa hawakuokolewa na waumini. Waliokolewa na mafundi wa mashairi.

Nimemtumia mjomba ujumbe wa sauti Tanga. Ametunga tangu enzi za kupeleka mashairi magazetini kwa posta, na bado hakubali shairi lisilo na vina. Akajibu saa hiyohiyo: “Kwa hiyo ni kitabu cha arudhi?” Nikamwambia ndiyo mjomba, cha arudhi, chenye majitu ndani.

9 Novemba

Asili ya ushairi, kwa mujibu wa Snorri. Niiandike yote kwa sababu mjomba ataitaka.

Koo mbili za miungu zilipigana, na siku ya suluhu kila mmoja akatema mate ndani ya pipa. Kutokana na mate hayo wakamuumba Kvasir, mtu ambaye hakuna swali lililomshinda. Vibete wawili wakamwita faraghani, wakamuua, wakachanganya damu yake na asali, wakapika wanzuki. Kila anayeinywa huwa mshairi au mwanachuoni. Vibete hao, kwa kuwa mkono wao haukukaa bure, wakaua pia jitu moja na mkewe, na mtoto wa marehemu, Suttungr, akawadai fidia. Wakampa wanzuki. Yeye akaificha ndani ya mlima, akamweka bintiye Gunnlöð kuilinda.

Odin ndiye mkuu wa miungu, lakini hakwenda kwa jeshi. Alisababisha vibarua tisa wa Baugi, ndugu yake Suttungr, wakatane koo wenyewe kwa wenyewe wakigombea jiwe lake la kunolea. Kisha akajitokeza kwa jina la uongo na kujitolea kufanya kazi ya wote tisa msimu mzima, malipo yake yawe funda moja tu la wanzuki. Suttungr alipokataa kulipa, mlima ukatobolewa, Odin akajigeuza nyoka akapenya. Akalala na Gunnlöð usiku tatu, akaruhusiwa mafunda matatu, na kwa mafunda hayo matatu akamaliza vyombo vyote. Akatoka amekuwa tai, Suttungr naye tai nyuma yake. Miungu wakatandaza mapipa uwanjani, Odin akaitapika humo. Ila jamaa alikuwa karibu mno kumkamata, na kidogo kikamtoka kwa nyuma. Hicho hakuna aliyekijali. Yeyote ajichotee. Ndilo fungu la washairi wabovu.

Mjomba amecheka mpaka akakohoa. “Kumbe hawa watunga guni wana chemchemi yao tangu zamani!” Kisha akauliza swali ambalo sikulitegemea: yule binti alipata nini? Snorri hasemi. Katika Hávamál, shairi la zamani kuliko kitabu cha Snorri, Odin mwenyewe anakiri kwamba alimlipa ubaya na kumwacha analia. Inaelekea Snorri aliona hilo halimhusu mwanafunzi wa arudhi.

17 Novemba

Þingvellir, kwa gari la mwenzangu wa kazini. (Herufi ile ya kwanza ni th ya thelathini, ndiyo ileile ya Thor.) Upepo wa kukata masikio. Bonde lote ni mpasuko wa ardhi: ukuta wa mawe meusi upande wa magharibi, na chini yake uwanda wa majani makavu na maji. Hapa ndipo baraza la Alþingi lilipokutana kila kiangazi tangu 930, na msema sheria akasimama kusoma sheria kwa moyo, theluthi moja kila mwaka, mpaka ziishe zote kwa miaka mitatu.

Hapa pia ndipo walipobadili dini, mwaka 999 au 1000. Kambi mbili zilikuwa zimekaribia kupigana, za Wakristo na za wapagani. Wakakubaliana uamuzi aachiwe msema sheria Þorgeir, na yeye alikuwa mpagani. Akaenda kibandani kwake, akajifunika joho, akalala hivyo mchana uliobaki na usiku kucha bila kusema neno. Asubuhi akaamua: wote wabatizwe, sheria iwe moja. Lakini nyama ya farasi iliruhusiwa, kuwatupa watoto wachanga kuliruhusiwa kama zamani, na anayetaka kutambika atambike kwa siri, adhabu ni akionekana na mashahidi. Ruhusa hizo ziliondolewa miaka michache baadaye. Anayesimulia ni Ari Þorgilsson, zaidi ya miaka mia moja baada ya tukio.

Mwenzangu anasema nchini kwake jambo hili hufundishwa kama mfano wa busara. Mimi nimeona zaidi faida yake kwa vitabu. Hakuna mfalme aliyekuja na upanga kuwalazimisha mle bondeni, ingawa Mfalme Óláfr wa Norwei alikuwa akiwabana kwa mbali na kuwashikilia vijana wao. Hakuna aliyefia Thor kwenye kikao kile. Watu waliobadili dini kwa kikao hawakuwa na sababu kubwa ya kuyaogopa majina ya miungu waliowaacha. Wajukuu wao waliweza kuyaandika kwa wino wakiwa makasisi.

24 Novemba

Leo nimeiona Konungsbók, Kitabu cha Mfalme, hati ya mashairi ya kale ya miungu na mashujaa, nyuma ya kioo katika jengo la Edda hapa Reykjavík.

Ni kidogo mno. Sentimita 19 kwa 13, kitu cha kuingia mfuko wa koti. Kurasa zimekuwa rangi ya chai nzito, na maandishi yamebanwa kutoka ukingo hadi ukingo. Beti hazikupangwa kwa mishororo: mwandishi ameyamwaga mashairi mfululizo kama barua, akikatisha maneno kwa vialama vidogo juu ya herufi ili kubana nafasi. Msomaji alitakiwa kusikia mwenyewe mshororo unapoishia. Ngozi ya ndama haikuwa rahisi. Jina la aliyeandika halijulikani, ila kazi yenyewe ni ya kama mwaka 1270. Yamebaki majani 45, na mengine manane yamepotea katikati ya kisa cha Sigurðr muua joka.

Askofu Brynjólfur Sveinsson wa Skálholt alikipata mwaka 1643. Mwaka 1662 akampelekea mfalme wa Denmaki, na huko Copenhagen kikakaa zaidi ya miaka mia tatu, mpaka kiliporudishwa kwa manowari tarehe 21 Aprili 1971. Bandari ya Reykjavík ilijaa watu kukipokea. Hati nyingine hazikubahatika hivyo. Árni Magnússon, aliyezunguka nchi hii akikusanya hati, alikuta ngozi zilizoandikwa zimekatwa kuwa vielelezo vya kushonea nguo, na sehemu ya vitabu vyake iliteketea katika moto wa Copenhagen wa 1728.

Kinachonishtua ni hiki: shairi la kuibwa kwa nyundo ya Thor limo katika kitabu hiki peke yake. Snorri hakitaji kisa chake. Thor anaamka nyundo haipo. Jitu Þrymr ameifukia chini ya ardhi na ana sharti la kuirudisha: aletewe mungu wa kike Freyja awe mkewe. Freyja anatweta kwa hasira mpaka kidani kinamkatika shingoni. Basi mungu Heimdallr anatoa wazo kwamba avishwe Thor. Mungu wa radi, mwenye ndevu zake, anatiwa shela, funguo zinaning'inia kiunoni, kidani cha Freyja kifuani, na Loki anafuatana naye kama mpambe. Karamuni bibi harusi anakula fahali mzima, samaki wanane, vitafunio vyote vya wanawake, anateremshia na mapipa matatu. Jitu linashangaa. Mpambe ana jibu tayari: maskini hakula siku nane kwa hamu ya kuja kwako. Linachungulia ndani ya shela, linarudi nyuma kwa kuona macho yanavyowaka. Hakulala siku nane pia, anasema mpambe. Nyundo inaletwa kubariki ndoa, inawekwa mapajani mwa bibi harusi. Baada ya hapo hakuna tena harusi.

Thor wa sinema ana kifua kizuri na hachekeshi. Huyu namtaka zaidi.

1 Desemba

Kamba ambayo miungu walimfungia mbwamwitu Fenrir ilitengenezwa kwa vitu sita: kishindo cha nyayo za paka, ndevu za mwanamke, mizizi ya mlima, mishipa ya dubu, pumzi ya samaki na mate ya ndege. Ikawa laini kama utepe wa hariri. Msimulizi wa Snorri anatoa na ushahidi: si unaona mwanamke hana ndevu, na paka haachi kishindo? Basi mengine niamini. Hoja tamu. Ila dubu ana mishipa, na hapo hajanishawishi.

Týr, mmoja wao, alitia mkono kinywani mwa mbwamwitu kama rehani. Kamba ilipokaza, miungu wakaangua kicheko, isipokuwa aliyepoteza mkono.

8 Desemba

Reykholt. Barabara ilikuwa na barafu na dereva wa basi hakupenda kuongea. Nyumba ya Snorri haipo tena. Lipo birika lake la kuogea, la mviringo, limezungushiwa mawe, linalotiwa maji ya moto kutoka chemchemi ya jirani kwa mfereji. Mvuke ulikuwa unapanda. Kando yake kuna mlango mdogo wa mbao wa njia ya chini kwa chini iliyoelekea nyumbani. Nimetia kidole majini: moto wa kunawa, si wa chai.

Nilitaka kumpenda Snorri kwa ajili ya kitabu chake. Haiwezekani kikamilifu. Alikuwa msema sheria mara mbili, tajiri aliyeoa mashamba na kisha kuishi na mjane tajiri kuliko wote nchini, aliyewaoza mabinti zake kwa wakubwa ili apate washirika, na kila ndoa ikamtengenezea adui. Katika Norwei alipewa heshima na Hákon kwa matumaini kwamba ataiingiza Aisilandi mkononi mwa mfalme. Hakufanya hivyo, au hakuharakisha. Akaegemea kwa Skúli, na Skúli akaasi na kuuawa 1240. Snorri alikuwa amekwisha kurudi nyumbani bila idhini ya mfalme.

Usiku wa tarehe 23 Septemba 1241 Gissur Þorvaldsson, aliyewahi kuwa mkwe wake, alifika na watu wake akiwa na barua ya mfalme. Snorri alikimbilia ghala la chini ya nyumba. Watano wakamfuata huko. Aliwaambia wasimpige, wakampiga. Alikuwa na umri wa miaka 62. Miaka ishirini na kitu baadaye, kuanzia 1262, Waaisilandi walianza kukubali kuwa chini ya mfalme huyohuyo wa beti 102.

Mbele ya jengo la shule ya zamani kuna sanamu yake, kazi ya Gustav Vigeland. Ni zawadi ya Norwei, ya mwaka 1947.

15 Desemba

Baldr, mwana wa Odin, usiku mzima. Mama yake, Frigg, aliapisha kila kitu kisimdhuru: moto, maji, chuma, mawe, magonjwa, nyoka. Miungu wakafanya mchezo wa kumrushia silaha, kwa kuwa hazimwingii. Kimmea kimoja tu kinachoota juu ya matawi ya miti mingine hakikuapishwa, kilionekana kichanga mno. Loki akaking'oa, akampa Höðr, ndugu kipofu aliyesimama pembeni kwa kuwa hana cha kurusha, na akamwelekeza mkono. Baldr akafa.

Snorri anaipamba habari hii kuliko zote. Hermóðr anapanda farasi wa miguu minane usiku tisa kwenda kwa Hel, mtawala wa wafu, kumwombea ndugu yake. Hel anaweka sharti kwamba kila kilichopo duniani kimlilie. Watu wanalia, mawe yanalia, vyuma vinalia. Jitu la kike pangoni linakataa, na wanasema lilikuwa Loki. Humo katikati ya mazishi, mkewe Nanna amekufa kwa majonzi, merikebu inawashwa moto, na Thor, kwa ghadhabu tu, anampiga teke kibete aliyepita mbele ya miguu yake na kumtupia motoni. Kibete ana jina: Litr. Hakufanya kosa lolote. Hapo ndipo ninapoamini kwamba Snorri hakuibuni habari yote, maana mtu anayebuni mazishi ya huzuni hamtii kibete wa bahati mbaya ndani yake.

Mjomba aliuliza kama Baldr si Masihi aliyevalishwa nguo za kipagani. Hoja hiyo wasomi wameibishania sana: mwana asiye na hatia, usaliti, kurudi mwishoni. Lakini Saxo wa Denmaki, aliyeandika kwa Kilatini karibu na wakati wa Snorri, ana Baldr mwingine kabisa, mpiganaji mwenye wivu anayemgombea Nanna na kuuawa na mpinzani wake kwa upanga. Naona Snorri alichagua toleo lililomliza, na alikuwa Mkristo alipokuwa akilia.

21 Desemba

Jua limechomoza saa tano na dakika ishirini na limezama saa tisa na nusu alasiri. Siku nzuri ya kusoma mwisho wa dunia.

Kwanza majira matatu ya baridi mfululizo bila kiangazi katikati. Ndugu wanauana. Mbwamwitu anameza jua. Fenrir anammeza Odin; Thor anamuua nyoka aliyeizunguka dunia, anatembea hatua tisa, anaanguka kwa sumu yake. Wamejua siku zote. Mwaguzi alimwambia Odin kila kitu, na Odin aliendelea kukusanya mashujaa waliokufa kwa vita ambavyo alijua atashindwa. Mjomba limemkera hili: “Miungu gani hawa wanaokufa?” Nimemjibu kwamba kwa mtunzi aliyebatizwa ilikuwa nafuu kuwasimulia miungu ambao kifo chao kimo ndani ya habari zao wenyewe.

Lakini vitu viwili vidogo ndivyo vilivyonikalisha. Merikebu ya maadui hutengenezwa kwa kucha za wafu, kwa hiyo Snorri anashauri maiti akatwe kucha, asichangie mbao. Na Víðarr, mwana wa Odin, atalipiza kisasi kwa kukanyaga taya la mbwamwitu akiwa amevaa kiatu kilichokusanywa tangu mwanzo wa nyakati, kwa vipande vya ngozi ambavyo watu hukata kwenye vidole na visigino wanaposhona viatu vyao. Anayetaka kuwasaidia miungu avitupe vipande hivyo. Hii si arudhi. Haimfai mshairi kwa lolote. Inanukia nyumbani, mtu mzima akimwambia mtoto mbele ya moto kwa nini hiki hukatwa na kile hutupwa. Itabidi nipunguze makali ya niliyoandika tarehe 3: mafundi waliokoa, sawa, lakini mikononi mwao kilikuja pia kitu ambacho kilikuwa kingali hai majumbani.

Wapo wanaodai pia kwamba mbingu zinazotiwa giza katika Völuspá, shairi la yule mwaguzi, ni kumbukumbu ya mlipuko wa volkano ya Eldgjá, ulioanza 939. Inawezekana. Nchi hii haihitaji kuazima moto.

29 Desemba

Leo nimepata kujua kwamba jumuiya ya wanaowaabudu miungu wa kale iliundwa hapa 1972 na kutambuliwa na serikali 1973. Kiongozi wake wa kwanza alikuwa Sveinbjörn Beinteinsson, mkulima wa kondoo. Na kabla ya hapo, 1953, alichapisha kitabu. Cha arudhi. Mjomba hajaacha kujisifu tangu nimwambie, kana kwamba ni yeye aliyekichapisha.

5 Januari

Tumekuwa tukijaribu kutunga kwa bahari ya Snorri, dróttkvætt, ile ya kusifia wafalme. Ubeti una mishororo minane, kila mshororo mizani sita. Mishororo inafungwa miwili miwili kwa sauti za mwanzo: mbili katika wa kwanza, moja inayoitikia mwanzoni mwa wa pili. Juu ya hayo kuna vina vya ndani. Katika mshororo wa kwanza konsonanti zifanane na irabu zitofautiane, katika wa pili zifanane zote. Na kila mshororo uishie kwa silabi nzito ikifuatwa na nyepesi.

Hili la mwisho Kiswahili kinalitoa bure, maneno yetu karibu yote yanakaza silabi ya pili kutoka mwisho. Vina vya kati mjomba anaviota usingizini. Mizani sita ndiyo inayobana, maana kitenzi kimoja chenye viambishi vyake kinakula mshororo mzima. Lakini tatizo halisi ameliona yeye, si mimi: sauti za mwanzo. Mshairi wa Kiaisilandi alihangaika kuzitafuta. Sisi ngeli zinatupa bila jasho, vitabu vile viwili vimepotea, na hapo tayari kuna vi- nne. “Sasa ufundi uko wapi?” Anataka tuweke sharti kwamba sauti zinazoitikiana zisitokane na upatanisho wa ngeli. Ni sharti kali na amelitunga akiwa na umri wa miaka sabini na kitu, kwenye kibaraza, kwa simu.

Nimemsomea ubeti wangu. Akaniambia mshororo wa tano una mizani saba, na kwamba fumbo nililoliweka kwa neno bahari hata yeye hakulifumbua. Kisha akauliza nani atatulipa kwa kazi ngumu hivi, maana Snorri alikuwa na mfalme. Nikamkumbusha mfalme huyo alimlipa nini. Akasema sawa, lakini ubeti wa pili anautaka kabla ya Ijumaa.